Neno "ubinafsi" na wasomaji wa Dunia Uwanja wa Fujo

1. Utangulizi

Katika somo letu la fasihi ya Kiswahili hapa Kalemie tulisoma riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo, iliyotoka mwaka 1975. Mjadala ulipoanza, darasa liligawanyika. Wengine walisema kitabu kinalaani ubinafsi, wengine wakasema kinautetea. Cha kushangaza, pande zote mbili zilitegemea matukio yaleyale ya kisa. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubishi ule inatoka katika neno "ubinafsi" lenyewe. Kiswahili kimelibebesha neno hili mambo matatu kwa mpigo. Tukiyatenganisha, tutaisoma riwaya vizuri zaidi, ingawa hatutaweza tena kuijibu kwa ndiyo au hapana.

2. Mwandishi na kisa

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, akafariki Januari 2020. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Botswana. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Katika Kichwamaji (1974) tunamkuta Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayetafuta maana ya maisha asiipate, na mwishowe anajiua. Dunia Uwanja wa Fujo ilifuata mwaka mmoja baadaye.

Kisa chake kinamhusu Tumaini, kijana wa Ukerewe aliyerithi mali ya wazazi wake. Kwanza anaitapanya katika starehe na wanawake. Baadaye anatulia, anaoa, anafanya kazi kwa bidii mpaka anakuwa mkulima tajiri. Kisha siasa ya Ujamaa, iliyotangazwa katika Azimio la Arusha la Februari 1967, inafika kwenye shamba lake. Tumaini hakubali mali yake ichukuliwe. Anamuua kiongozi wa serikali, na serikali inamhukumu kifo.

Ni vigumu kuusoma mwisho huu bila kukumbuka tukio la kweli. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani katika mkoa wa Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, kisha akaupeleka mwili polisi yeye mwenyewe. Mwamwindi alinyongwa. Chuo cha ualimu cha Iringa kikapewa jina la Kleruu. Kwa msomaji wa Tanzania wa mwaka 1975, basi, swali la nani alikuwa na haki halikuwa la darasani tu.

3. Pande mbili

Upande wa kwanza unasema: Tumaini alianza kwa kula peke yake, akaendelea kwa kumiliki peke yake, akaishia kuua. Kwao huu ni mstari mmoja ulionyooka, na kamba ya kunyongea ndiyo hukumu ya mwandishi. Wanakumbusha pia methali ya "mtu ni watu": aliyejitenga na watu si mtu tena.

Upande wa pili unajibu kwa hoja ambayo naiona nzito. Tumaini alipokuwa mtapanyaji, serikali haikumgusa. Ilimfuata alipokuwa ameacha ulevi wa ujana na kuanza kulima. Kama mwandishi alitaka kuulaani ubinafsi, kwa nini adhabu imfikie mtu akiwa amejirekebisha?

Upande wa kwanza nao una la kusema. Mtaji wa kwanza wa Tumaini ulikuwa urithi, haukuwa jasho lake. Tena shamba kubwa halilimwi na mikono miwili. Kuna wengine wanaoinamia jembe ambao jina lao haliandikwi kwenye faida.

Wahakiki wa miaka ya 1970 nao hawakupatana. Wale wa mrengo wa Ujamaa walimlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa na kutoonyesha njia. Wengine walimsifu kwa kukataa kuandika riwaya ya kushangilia siasa.

4. Neno moja, mambo matatu

Tulitazame neno. Mzizi wake ni "nafsi", uliotoka katika Kiarabu. Kama kivumishi, "binafsi" haina lawama: tunasema mali binafsi, shule binafsi, maoni binafsi. Lakini tukiongeza u- ili tupate nomino, lawama inaingia. Hakuna anayemsifu mwenzake kwa ubinafsi. Kifaransa, ambacho sisi wa Kongo tunakisoma tangu shule ya msingi, kina maneno mawili: égoïsme ni tabia mbaya, individualisme ni msimamo wa kifalsafa unaoweza kutetewa au kupingwa. Nimegundua kwamba wanafunzi waliomtetea Tumaini walikuwa wakifikiri kwa neno la pili la Kifaransa huku wakisema neno la Kiswahili. Waliomlaumu walisikia lile la kwanza.

Napendekeza tuseme ubinafsi wa tabia, ubinafsi wa mali na ubinafsi wa fikra. Wa tabia ni uchoyo: kujijali na kuwasahau wengine. Wa mali ni dai kwamba nilichokichuma ni changu, na hakichukuliwi bila ridhaa yangu. Wa fikra ni dai kwamba kila mtu ndiye mwamuzi wa mwisho wa maana ya maisha yake.

Tumaini wa mwanzo ana ubinafsi wa tabia, na katika hilo sioni kama mwandishi anamwonea huruma. Tumaini mkulima anasimama katika ubinafsi wa mali. Hapa mwandishi anatuacha tupime wenyewe. Mwishoni Tumaini anaamua kama mtu aliye peke yake duniani, na hapo ndipo ninapoachana na watetezi wake. Kama nafsi ina thamani inayopita chama na serikali, basi yule kiongozi aliyeuawa naye alikuwa na nafsi. Kumuua ni kuikana ile hoja ambayo watetezi wanaisimamia kwa jina la Tumaini. Lakini vilevile naachana na upande wa kwanza, kwa sababu serikali inayomnyonga inafanya kitendo kilekile kwa jina la wengi. Jina la kitabu linatukumbusha hivyo: fujo ya uwanjani haina mchezaji mmoja.

5. Tukisoma upande huu wa ziwa

Kigoma iko ng'ambo tu, lakini hatukuishi Ujamaa. Tuliishi mambo mengine. Wakati wa Wabelgiji babu zetu walilazimishwa kulima pamba, na mji huu ulikuwa na kiwanda chake cha nguo, Filtisaf. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatachukuliwa na kupewa Wazaire. Mengi yaliangukia mikononi mwa wakubwa na jamaa zao, na mengi yakafa. Kazi ya pamoja tuliijua kwa jina la salongo, nayo ilikuwa ya amri. Kwa hiyo mzee wa Kalemie akisikia "kwa ajili ya wote", anauliza kwanza ni nani anayesema. Nadhani hilo linaeleza kwa nini wengi katika darasa letu walielekea kwa Tumaini.

Hata hivyo mimi nasomeshwa na baba mdogo na shangazi. Kila mwanzo wa mwaka wanachanga, na mimi najua kwamba siku nitakapopata mshahara, hautakuwa wangu peke yangu. Siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba nilichonacho ni jasho langu. Lakini wala sitaki wao wanichagulie maisha. Mfano ninaoupenda ni wa likelemba. Kila mwanachama anatoa, na kila mmoja ana jina lake na zamu yake. Kundi likila zamu ya mtu, likelemba imekufa. Mtu akila zamu yake akatoroka, imekufa pia. Ubinafsi wa mali na uaminifu kwa kundi vinakaa katika daftari moja. Katika riwaya, Tumaini na serikali hawakuwa na daftari kama hilo.

6. Hitimisho

Kwa wanafunzi wenzangu watakaoulizwa kama Kezilahabi anaunga mkono ubinafsi, nashauri waanze kwa kuuliza ni ubinafsi upi, kisha waonyeshe ni katika sehemu gani ya kisa. Kwa walimu wetu naomba Gamba la Nyoka (1979) iwekwe kwenye programu baada ya riwaya hii, maana humo mwandishi anarudi Ukerewe kutazama kuundwa kwa vijiji vya Ujamaa. Tukizisoma zote mbili tutakuwa na haki zaidi ya kubishana.