Kazini naitwa injini, nyumbani nafika nimeisha

Shangazi, mimi ni mhasibu wa mishahara katika kampuni ya usafirishaji hapa Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa. Bosi ananiita injini ya ofisi. Dereva akikosa posho, napigiwa mimi. Mkaguzi akitaka faili la mwaka juzi, naitwa mimi. Likizo iliyopita niliikatisha siku ya nne. Natamani kupanda cheo, ila siku hizi hata kuwasha kompyuta naona uzito, na wenzangu wakiniuliza kitu nawajibu kwa ukali. Nifanyeje niendelee kuwa wa maana kazini bila kuumia?
Injini, Tabata

Shangazi anampa binti huyu pole ya kazi. Anamshukuru pia kwa kuutaja ule ukali, maana si tabia mbaya iliyomwingia ghafla. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza dalili tatu za mtu aliyechakazwa na msongo wa kazi: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi yenyewe, na ufanisi kushuka. Mbili za kwanza zimo ndani ya barua hii. Ya tatu ikifika, hata hilo jina la injini halitadumu.

Sheria inamlinda kwa kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu, pamoja na likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka. Lakini apige hesabu kama mhasibu: anayemaliza saa zote hizo za ziada anafikia wastani wa saa 57 na nusu kwa wiki. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walionyesha kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Mtu anaweza kuwa ndani ya sheria na bado akaumia.

Kwa hiyo tiba ianzie kwenye kazi zenyewe.

Binti huyu amechanganya mambo mawili: kuwa hodari na kuwa peke yake. Kuhakikisha ritani za kodi ya mishahara (PAYE) na tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL) zinaingia kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, bila kosa la kuiletea kampuni faini, ni uhodari. Kupokea simu saa tatu usiku ya dereva aliyekwama Tunduma bila posho ni upweke tu. Jibu la dereva yule linatosha kwenye jedwali la ukurasa mmoja: njia, idadi ya siku, kiwango cha posho, na nani anaidhinisha. Aliandike wiki hii, akae na ofisa wa safari mara mbili tatu, kisha simu zihamie huko.

Asiogope kwamba akifundisha wengine thamani yake itashuka. Wasimamizi wa mabenki wa Marekani, FDIC, wanashauri kila benki iwatake watumishi wa nafasi nyeti wakae nje ya ofisi angalau wiki mbili mfululizo kila mwaka, kwa sababu wizi unaohitaji kufunikwa kila siku hufichuka mwingine anaposhika kiti. Machoni pa mkaguzi, mhasibu asiyeweza kwenda likizo ni hatari kwa kampuni, hata awe mwaminifu kiasi gani. Hoja hiyo bosi ataielewa upesi kuliko malalamiko ya uchovu.

Amwendee basi na jedwali mkononi: "Bosi, naomba posho za safari zisimamiwe na ofisi ya safari. Mimi asubuhi zangu nizitumie kufunga hesabu mapema, na mwezi wa tisa niende likizo yangu yote, mwenzangu nimeshamwelekeza." Ombi la likizo aliweke kwa maandishi. Na kama usingizi umempotea kwa majuma, amwone daktari bila kusubiri mwezi wa tisa.

Kuhusu cheo, Shangazi anamtakia kila la heri, ila asome mkataba mpya kwa makini. Sheria ile ile haiwapi kinga ya saa za kazi wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa viongozi wa juu. Kabla ya kutia saini aulize, na apate kwa maandishi, atakuwa na wasaidizi wangapi na simu za usiku zitapokelewa na nani.