Mgeni na Mzigo wa Nchi Yake

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akieleza katika Summa Theologiae jinsi Waisraeli walivyowapokea wageni, anamtenga mpita njia na anayekuja kukaa, na wote wawili na anayetaka kuwa mmoja wao kabisa. Huyo wa tatu hapokelewi kwa siku moja. Tulisome fundisho hilo hapa Kilwa.

Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, alishuka Kilwa akielekea Peramiho na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliotangulia Wamatumbi walikuwa wameng'oa pamba ya serikali ya Kijerumani, na Vita vya Majimaji vimeanza. Tarehe 14, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, wote watano waliuawa.

Askofu hakuwa hata Mjerumani. Alizaliwa Tirol, Austria. Lakini nani angemwuliza? Aliyechapwa viboko kwa ajili ya pamba aliona rangi ileile, akasikia lugha ileile. Malaria ilizika wamisionari wengi, ndiyo, ila kwa maoni yetu hatari hii ni nzito zaidi: mgeni hudaiwa deni la watu wake, hata asilolikopa.

Wala si kwamba pwani hii ilichukia wageni. Mwaka 1331 Kilwa ilimkaribisha Ibn Battuta, akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Yeye hakutanguliwa na askari wala kodi.

Baadhi yetu tutatumwa mbali. Kabla ya kufunga mizigo, tuulize ni nani wa kwetu aliyefika huko kabla yetu, na aliacha nini.