Kuuliza juu ya dawa ya mwanao si kosa

Ebola ilipotangazwa Mangina, Kivu Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, chanjo mwanzoni haikutolewa kwa watoto wa chini ya mwaka 1. Mzazi wa Beni au Butembo aliyeuliza sababu yake mbele za watu, au aliyetaka kujua dawa za majaribio zinamfanya nini mtoto, mara nyingi alihesabiwa mpinzani wa riposti, yaani kazi ya kupambana na Ebola. Desemba mwaka huo huo kura yetu ya Beni na Butembo ikaahirishwa hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo. Nani asingekuwa na shaka? Mzazi yule alikuwa ndani ya haki yake. Kifungu cha 23 cha Katiba ya Kongo kinampa kila mtu uhuru wa kusema analoamini, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa picha, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema.

Lakini waliomuua Richard Mouzoko, daktari wa riposti, ndani ya hospitali ya Butembo, tarehe 19 Aprili 2019, hawakuwa wakitoa maoni. Anayehimiza watu wachome kituo au wapige wauguzi halindwi na kifungu hicho.

Chunga pia simu yako. Kifungu cha 360 cha sheria ya dijitali ya Machi 2023 kinamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu, na hata anayeisambaza tu: kifungo cha mwezi 1 hadi 6 na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Sema "mwanangu alivimba mkono baada ya sindano" ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Usiandike kwamba muuguzi fulani anaua watoto.

Mkitaka kuandamana, kifungu cha 26 cha Katiba kinataka mamlaka ijulishwe kwa barua. Wekeni nakala yenye muhuri. Hata hivyo, utawala wa kijeshi ulioanza Mei 2021 uliwapa wanajeshi uwezo wa kuzuia mikutano, na vijana wa vuguvugu la kiraia la LUCHA waliokamatwa Beni Novemba 2021 wakiupinga walifungwa na mahakama ya kijeshi. Hilo linaniuma, na sitaki likupate bila kujua.

Ukikamatwa, kifungu cha 18 cha Katiba kinataka uambiwe sababu papo hapo, katika lugha unayoielewa, na uruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia au avoka wako. Saa 48 zikipita, uachiliwe au ufikishwe mbele ya mamlaka ya kimahakama. Mwambie wa nyumbani aandike saa uliyochukuliwa.