Jina ni la Duka, Tumbaku ni ya Kiwanda

Mvuta kiko akiingia duka la tumbaku huko Marekani hukuta mitungi ya kioo imepangwa nyuma ya kaunta, kila mmoja na jina lake. Muuzaji humwambia ni mchanganyiko wa duka hili, hutaupata kwingine. Jina, kweli, hatalipata kwingine. Tumbaku yenyewe huenda inauzwa mtaa wa pili kwa jina jingine na bei nyingine.

Mfano unaojulikana sana ni 1-Q ya kampuni ya Lane Limited: jani lililopikwa hadi likawa jeusi, likachanganywa na tumbaku ya Virginia ya manjano, kisha likatiwa harufu ya vanila. Huja kwenye mifuko ya ratili 5. Duka moja huimwaga mtungini na kuibandika jina; jingine huongeza majani kidogo au matone ya manukato kwanza. Hapo hakuna wizi, ni biashara ileile ya unga wa supamaketi unaosagwa na kinu cha mtu mwingine. Kasoro ni pale mteja anapolipia siri ambayo haipo.

Kwenye makopo mambo yana historia ndefu zaidi. Alfred Dunhill alifungua duka lake Duke Street, London, mwaka 1907, akawa anawachanganyia wateja tumbaku kwa matakwa yao na kuandika kila mchanganyiko kwa namba katika daftari. My Mixture 965 ilipata namba yake humo. Mwaka 1981 utengenezaji ulihamia kwa Murray's wa Belfast. Mwaka 2005 ukahamia tena, safari hii Denmark, kwa Orlik. Jina la Dunhill lilibaki koponi miaka yote hiyo, na wavutaji wakongwe hadi leo hubishana ni kopo la enzi ipi lililokuwa tamu. Mwaka 2018 jina hilo likaondolewa kwenye tumbaku ya kiko. Baadaye michanganyiko ya Dunhill kama Early Morning Pipe na Nightcap ikarudi sokoni ikiitwa Peterson, kutoka Denmark kulekule, kwa Scandinavian Tobacco Group, kampuni yenye kiwanda cha Orlik. Peterson wa Dublin ni jina la mafundi wa viko. Viko hivyo sasa vina mwenyewe mwingine kabisa.

Rattray's nayo ilianzia Perth, Uskoti, na majina ya michanganyiko yake bado yananukia Uskoti. Hutengenezwa Ujerumani na Kohlhase & Kopp.

Kwa hiyo usiishie kwenye picha ya mbele. Geuza kopo, usome maandishi madogo ya chini au ubavuni: nchi ya utengenezaji na jina la kiwanda, yakiwapo. Kwa tumbaku ya mtungi, muulize muuzaji waziwazi inatoka kiwanda gani na yeye ameongeza nini. Wengi husema bila kinyongo. Ukisikia kiwanda kimebadilika, nunua kidogo kwanza hata kama lebo ni ileile, kwa maana mashine, akiba ya majani na mkono wa fundi havihami pamoja na karatasi ya mapishi.

Ila usidhani kiwanda kimoja maana yake ni ladha moja. Michanganyiko ya G. L. Pease hutengenezwa na Cornell & Diehl huko Carolina Kusini, lakini mapishi ni ya Gregory Pease mwenyewe, na hayafanani na ya kiwanda hicho. Hapo jina lililo koponi ni la kweli.

Kuna jambo moja ambalo lebo haibadilishi hata kidogo. Moshi wa kiko huleta saratani ya midomo, kinywa, koo na mapafu, uwe wa kopo la London au wa mtungi usio na jina. Anayejitetea kwamba haumezi moshi bado anapata nikotini, kwa kuwa hiyo hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa. Kama huvuti, makala haya yasikushawishi kuanza. Kama unavuta, na muuzaji hawezi kukwambia tumbaku yake imetoka wapi, usimlipe bei ya mchanganyiko wa pekee.