Kitenzi 'presume' na Kiwango cha Yakini: Mfano wa Ujiji

Kitenzi cha Kiingereza 'presume', ambacho Stanley alidai kumsalimia nacho Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, kikifasiriwa 'nadhani' hupungukiwa uzito. (Kurasa za shajara yake zihusuzo tukio hilo zilichanwa, hivyo dai lenyewe lina walakini.) Asili yake ya Kilatini ni 'kutwaa kabla': msemaji hulichukua jambo kuwa kweli kabla ya kuthibitishiwa, kwa kutegemea dalili. Ujiji dalili zilikuwapo, kwani Susi, mtumishi wa Livingstone, alikwisha kumlaki Stanley. Kwa hiyo 'bila shaka' yafaa zaidi. Kinyume cha umbo lake, kirai hiki kikielekezwa kwa mgeni ('Bila shaka wewe ndiwe mwalimu mpya') husubiri jibu. 'Nina yakini' haisubiri.