Mpira wa Mkojo Baada ya Kushonwa Fistula

Mama, dada, umerudi kutoka kushonwa fistula na bado una mpira wa mkojo, ule ambao wauguzi wetu huuita aligalia. Somo hili ni lako na la yule anayekuuguza.

Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wapo akina mama walioshikwa na uchungu njiani au porini, mbali na mkunga. Uchungu ukikaa siku mbili tatu bila mtoto kutoka, kichwa chake hubana nyama za kibofu mpaka zinakufa. Tundu hubaki, mkojo huvuja. Daktari akishalishona, mpira hukaa ndani kwa kawaida siku 7 hadi 14, ili kibofu kisijae na mshono upone.

Lakini mpira huo huo ni njia ya vijidudu. Wengi hutoka kwenye haja kubwa yetu wenyewe, hupanda na mpira hadi kibofuni. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa na baada ya kuugusa. Osha sehemu za siri kila siku kwa maji safi na sabuni, kutoka mbele kwenda nyuma. Usitie mitishamba wala poda. Mfuko ukijaa, fungua koki ya chini umwage. Usiuchomoe kwenye mpira.

Kinachotusumbua zaidi hapa kambini ni mkeka. Mfuko unatakiwa ukae chini kuliko kibofu, lakini usiguse ardhi. Ukilala chini, mkojo hurudi ndani pamoja na vijidudu. Azima kitanda cha kamba, hata kwa jirani, mfuko uning'inie ubavuni. Ukikosa, niambie nikikutembelea, usione haya. Tutahangaika pamoja.

La pili ni maji. Wengi huogopa kunywa wakidhani wataulowesha mshono. Sivyo. Kama daktari hakukuagiza vingine, kunywa lita 3 kwa siku, mkojo uwe mweupe kama maji. Ramadhani ikikukuta na mpira, kumbuka mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine.

Mkojo ukiacha kutoka, tazama kama mpira umejikunja au umeulalia. Kama uko sawa na bado hautoki, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, maana kibofu kikijaa mshono huachia. Usiuvute mwenyewe; ndani una puto lililojazwa maji. Ukipata homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au mkojo mzito unaonuka, njoo siku hiyo hiyo. Usinunue vidonge vya sokoni.

Siku ya kutolewa mpira imeandikwa kwenye karatasi yako. Usiipitishe: kila siku inayozidi huwapa vijidudu nafasi.