Leseni za Programu za Usanifu: Mwongozo kwa Ofisi za Uhandisi Kitui na Makueni

Mwongozo huu umeandikwa kwa wahandisi, wachoraji, wapima ardhi na maafisa wa ununuzi wa idara za kaunti, kampuni za maji na ofisi ndogo za wahandisi washauri, kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei. Unahusu ada za programu kama AutoCAD, Civil 3D na WaterGEMS. Ofisi nyingi huuliza bei. Ni chache zinazouliza itakuwaje siku leseni itakapokwisha, na hapo ndipo kazi hukwama.

Elewa kwanza unacholipia. Zamani ofisi ilinunua leseni ya kudumu mara moja, kisha ikalipa ada ya matunzo kila mwaka ili ipate matoleo mapya na msaada wa kiufundi. Aliyeacha kulipa ada aliendelea kutumia toleo alilokuwa nalo. Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, waliacha kuuza leseni za kudumu za programu zao nyingi mwaka 2016. Waliokuwa nazo walipandishiwa ada ya matunzo kwa asilimia 5 mwaka 2017, asilimia 10 mwaka 2018 na asilimia 20 mwaka 2019. Mwaka 2021 mpango wenyewe wa matunzo ukafungwa. Siku hizi kwao unalipia matumizi ya muda tu, na muda ukiisha programu inakufungia mlango. Ukikutana na kampuni ambayo bado inauza leseni ya kudumu, uliza swali moja na udai jibu la maandishi: nikikosa kulipa ada ya matunzo mwaka mmoja kisha nikarudi, nitatozwa malimbikizo?

Chukua mfano wa mchoraji wa kampuni ya maji ambaye leseni yake imekwisha Juni 30. Mkandarasi anachimba mtaro wa bomba, amekuta mwamba, anaomba njia ihamishiwe upande wa pili wa barabara. Mchoraji anaifungua faili kwa DWG TrueView, programu ya bure ya kutazama na kuchapisha. Mstari anauona, valvu anaiona, ila hawezi kusogeza chochote. Vibarua wako kazini na mashine ya kukodi inahesabu saa.

Tarehe hiyo ya Juni 30 ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na majuma yake ya mwanzo huwa makavu, kwa sababu fedha hazitoki hazina ya kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mwombe wakala anayekuuzia leseni asogeze mwisho wake hadi Novemba au Februari, na zote za ofisi ziishe siku moja. Ukilazimika kulipia miezi michache ya ziada ili tarehe zilingane, lipa. Ni nafuu kuliko mradi uliosimama. Kisha ada iingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka kwa jina lake, isifichwe chini ya vifaa vya ofisi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 53, hairuhusu ununuzi kuanza kabla fedha hazijatengwa, kwa hiyo anayekumbuka leseni mwezi wa mwisho amekwisha kuchelewa.

Bei hufuata dola. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 129. Leseni ya dola 2,000 ni shilingi 320,000 kwa hesabu ya kwanza na 258,000 kwa ya pili, kabla ya VAT ya asilimia 16. Wanaomlipa muuzaji wa nje moja kwa moja kwa kadi wawe waangalifu zaidi. Marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yanayahesabu malipo ya programu kuwa mrabaha, pamoja na ada za matunzo na msaada, na mrabaha unaokwenda kwa asiye mkaazi hukatwa asilimia 20. Muuzaji akikataa kukatwa, mzigo unamrudia mnunuzi. Mhasibu aulizwe kabla kadi haijatumika.

Usinunue kuliko unavyohitaji. Civil 3D imejengwa juu ya AutoCAD, hivyo mhandisi wa barabara aliye nayo hahitaji kununuliwa zote mbili. Anayechora ramani bapa tu anatoshwa na AutoCAD LT, ambayo ni nafuu zaidi. Mhandisi anayeifungua programu siku chache kwa mwezi anaweza kutumia tokeni za Flex za Autodesk, zinazokatwa kwa siku ya matumizi, lakini ajue kwamba zisipotumika ndani ya mwaka zinapotea.

Kwa kazi za maji, naamini ofisi zetu zinalipa pasipo lazima. EPANET, iliyotolewa na shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, hukokotoa mgandamizo na mtiririko katika mabomba na haina ada yoyote. HEC-HMS na HEC-RAS za wahandisi wa jeshi la nchi hiyo zinakadiria mafuriko ya mito ya msimu, jambo ambalo kila mjenzi wa bwawa la mchanga Kitui analihitaji, nazo ni bure. QGIS inatosha kwa ramani. Gharama ya programu hizi za bure ni mafunzo, kwa sababu hakuna wakala wa kupigiwa simu, na fedha hizo zitengwe kwa moyo mmoja. Mtandao wa kijiji wenye kisima, tangi na vioski vichache hauhitaji zaidi ya hapo.

Akaunti ya leseni iandikishwe kwa barua pepe ya ofisi. Mchoraji wa kandarasi akihama Wote kwenda Nairobi na akaunti iko kwa jina lake, kuirejesha ni kazi ya majuma. Leseni za Autodesk zinataka kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila siku 30, kwa hiyo kompyuta za Mutomo au Kyuso ziwekewe ratiba ya kuunganishwa. Leseni ya mwanafunzi ambayo kijana ametoka nayo chuoni ni ya masomo, isiguse kazi ya kaunti. Nakala za programu zilizovunjwa kufuli ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na mara nyingi huja na virusi.

Mwisho, faili. Mkataba wa kila mhandisi mshauri udai ramani kwa PDF, kwa DXF, na kwa DWG ya toleo la zamani linalofunguka kwenye programu nyingi; mahesabu ya mabomba yaje kwa faili ya EPANET. Malipo ya mwisho yasitolewe hadi mchoraji wa kaunti azifungue zote kwenye kompyuta yake mwenyewe.